Kwa Uso Huu, Nani Atapanda Lori?

Jumatatu, 3 Machi 1947

Nimenunua daftari hili dukani kwa Salat, mjini Kisii. Akauliza, la kuandikia majina ya vibarua? Nikasema ndiyo. Uongo. La majina ninalo. Hili ni la mambo ambayo nikizidi kuyaweka kifuani yatanipasua.

Naandika Kiswahili makusudi. Mke wangu Drusilla anasoma Kikisii tu, tena kwa kufuata kidole. Binti yetu Nyamoita ameolewa zamani. Hapa nyumbani niko salama.

Haya, jambo lenyewe. Kampuni ya chai imeleta mwandika watu wa pili. Miaka kumi na miwili kazi hii ni yangu peke yangu! Kutoka Suneka mpaka Nyaramba, mtu akitaka kwenda Kericho kuchuma chai anamtafuta Nyasani. Leo Bwana Pilipili — ndivyo tunavyomwita Mzungu wetu, si mbele yake — ametuita ofisini. Nyasani, huyu ni Ishmael, atakusaidia.

Atanisaidia! Nililalamika lini?

Kijana wa miaka ishirini na sita. Ametoka vitani Burma. Mrefu, hata nikimtazama nakutana kwanza na vifungo. Koti la askari linafika magotini, buti zinang'aa, meno meupe na mwanya katikati. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita tata, kama anavyomwita baba yake. Akaandika jina lake kwenye kitabu cha ofisi kwa mwandiko wa kupendeza. Jeshini, anasema, walifundishwa Kiswahili cha kusoma na kuandika.

Mimi ndui ilinipitia nikiwa na miaka saba. Uso wangu umebaki kama uwanja uliokanyagwa na ng'ombe siku ya mvua. Jicho la kushoto lina utando. Kimo — basi, tuache. Hakuna aliyewahi kunichagua kwa kuniangalia. Hata Drusilla, siku aliponiona vizuri, ng'ombe walikuwa wameshafika kwa baba yake.

Jumatano, 5 Machi

Suneka, siku ya soko. Mimi nilikaa kwa wauza ndizi, yeye kwa wauza ng'ombe.

Mimi naandika watu nikiwa nimeketi. Nauliza: baba yako nani? Mama yako alitoka wapi? Umeoa kwa nani? Dada yako ameolewa wapi? Mtu mmoja anaweza kunila nusu saa. Ishmael haulizi. Amepanda juu ya sanduku, amefungua koti, ameweka mikono kiunoni, akasema Kericho kuna blanketi na nyama. Basi! Watu wakajaa kama wanaona gari la kwanza.

Na wanawake ndio wabaya zaidi. Wanasimama na vikapu kichwani, wanamtazama, halafu wanawasukuma waume zao mbele. Mama mmoja alimvuta mwanawe kutoka kwangu — alikuwa tayari ameketi, nimeshashika penseli! Akamwambia, angalia, huyu amekwenda Kericho akarudi hivi, yule amekwenda akarudi vile. Wewe unataka urudi vipi?

Mimi Kericho sijawahi kulala hata siku tatu. Na yeye hajawahi kufika kabisa!

Yeye thelathini na mmoja. Mimi sita.

Alhamisi, 6 Machi

Yeye kumi na tisa. Mimi wawili, na mmoja alidhani nauza dawa ya kuku.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Siandiki watu leo. Kuandika hili sijui kama ni kazi. Naona ni ugonjwa zaidi kuliko kazi.

Ishmael amekuja kanisani kwetu. Ameketi safu ya tatu. Wakati wa kuimba sauti yake ikashuka chini kabisa, madirisha yakatetemeka. Wasichana wote wakasahau maneno. Mimi nilifungua mdomo bila kutoa sauti. Sikutaka kumsindikiza.

Njiani Drusilla akasema, yule kijana wa kazini kwenu amejaliwa sauti. Nikamuuliza, sauti tu? Akacheka mpaka akashika uzio wa watu. Akasema, Baba Nyamoita, una wivu kama mke wa pili.

Sikula chakula cha mchana. Nilisema tumbo.

Wivu. Nimeandika. Ni wivu! Nimeliangalia neno hilo kwenye karatasi. Ni dogo kuliko lilivyo humu ndani.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Bwana Pilipili ametuita tena. Waandika watu wawili ni wengi, amesema. Mwisho wa Aprili atabaki mmoja. Yule mwenye watu wengi atakuwa mkuu wa Kisii nzima, na nyumba ya bati karibu na ofisi. Mwingine arudi shambani kwake. Akanitazama mimi alipotaja shamba.

Kisha akasema, "Nyasani, wewe mtu mzuri. Lakini polepole sana. Tena watu nataka kuona mtu ya nguvu. Mtu ya kupendeza." Yeye mwenyewe pua inabambuka kama kiazi kilichochemshwa, tumbo limetangulia mbele ya mkanda! Lakini yeye hapandi sandukuni. Hakuna anayemuuliza uso.

Halafu baiskeli. Baiskeli ambayo nimekuwa nayo tangu mwaka wa arobaini, kiti nimekishona mwenyewe mara mbili. Ishmael aipate, eti ana sehemu nyingi za kufika. Ishmael akakataa, akasema miguu yake imezoea vita, tata abaki nayo. Bwana akasema ni amri. Basi nikamkabidhi. Magoti yake yaligonga usukani, akacheka. Hata hapo alipendeza.

Polepole sana! Bwana hajui kwa nini niko polepole. Sijawahi kumwambia, wala mtu mwingine. Kule Kericho karani anachukua orodha yangu na kuikata sita sita. Sita wa kwanza chumba cha kwanza, sita wanaofuata chumba cha pili, mpaka mwisho. Namba ya chumba inaandikwa kwenye tiketi, na posho inagawiwa kwa chumba. Ukihama, huli. Ndiyo maana siandiki majina kama watu walivyokuja. Nikimaliza kuuliza nakaa nayapanga. Huyu ni mkwe wa huyu, wasilale pamoja. Huyu ni kama baba kwa huyu kwa upande wa ukoo, wasilale pamoja. Sisi tunaita ensoni. Kiswahili kingesema aibu, lakini aibu unaweza kuizoea. Ensoni haizoeleki. Mtu hawezi kuvua nguo mbele ya mkwewe. Afadhali alale na fisi.

Ndiyo maana watu wangu hawatoroki. Bwana anafikiri ni bahati.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya ujinga.

Nilikwenda kwa Salat nikachukua kofia ya kijivu yenye ukingo, na chupa ya mafuta ya nywele. Salat alikuwa nyuma anapima sukari, kwa hiyo mkewe, Mariam, ndiye aliyenishikia kioo. Nikageuza kichwa huku na huku. Akafuta kioo kwa upindo wa nguo yake, yule mama ana adabu. Mwishowe akasema, "Mzee Nyasani, hii kofia imekuvaa wewe."

Nikaichukua hivyo hivyo. Nikatembea kwa miguu mpaka Nyaramba — kwa miguu! Jua kali. Mafuta yakaanza kushuka usoni, yakajaa kwenye mashimo ya ndui, nzi wakaja. Nilisimama juu ya jiwe, nikaweka mikono kiunoni. Nikasema Kericho kuna nyama. Mzee mmoja, mnywaji anayejulikana, akauliza kwa sauti, kama kuna nyama mbona umekonda? Soko zima likacheka. Hata mbuzi, naapa.

Niliteremka. Aliyenifuata alikuwa mtu mmoja tu, Momanyi, kijana mpole wa Nyaramba. Nilidhani anataka kuandikwa. Kumbe ananirudishia kofia, ilianguka. Akasema samahani, yeye tayari ameandikwa na Ishmael. Anataka kwenda kumalizia ng'ombe wa mahari ya mke wake, Loice, binti wa Nyangate wa Sironga. Najua, nikamwambia. Nilikula kwenye arusi yako.

Kofia nimempa Drusilla awekee mayai.

Jumatatu, 24 Machi

Ishmael amekuja nyumbani kwangu saa nane mchana. Na baiskeli yangu. Drusilla akamfutia kiti kwa kanga yake. Mimi miaka yote hii nafuta mwenyewe.

Amejaza lori. Watu sitini! Sijawahi kujaza lori kwa mara moja. Bwana ameshamshika bega mbele ya makarani wote.

Lakini hakuja kujisifu. Afadhali angejisifu, ningepata pa kumshika. Alitoa orodha mfukoni, imeandikwa vizuri, herufi zimesimama mstari mmoja kama askari. Akasema, tata, nimekuwa nje miaka mitano. Watoto niliowaacha wamekuwa vijana, wasichana niliowaacha ni wake za watu. Wewe ndiye unayewajua. Hebu pitisha macho, kama kuna kitu hakikai sawa niambie, lori linaondoka kesho asubuhi.

Nikachukua karatasi. Nikaisoma kutoka juu.

Kumi na tatu, mtu wa Suneka. Kumi na nne, Nyangate wa Sironga. Kumi na tano, kumi na sita, vijana wa Suneka. Kumi na saba, Momanyi wa Nyaramba.

Kumi na tatu mpaka kumi na nane ni chumba cha tatu. Baba mkwe na mkwe wake kwenye chumba kimoja, mwaka mmoja tu baada ya arusi! Aliwaandika masoko mbalimbali, siku mbalimbali, kisha akanakili majina ovyo. Yeye hakuwapo kwenye arusi. Mimi nilikuwapo.

Ningesema neno moja tu, badilisha. Ingemchukua dakika. Lakini nikainua macho, nikamwona amekaa kwenye kiti kilichofutwa, mguu juu ya mguu, anamchekesha mke wangu kwa habari za Wajapani. Drusilla alikuwa amefunika mdomo kwa mkono kama msichana.

Nikasema, "Iko sawa."

Akasema asante, tata. Akainuka, akapiga kichwa kwenye mlango wangu mfupi. Hata hilo halikunifurahisha vya kutosha.

Jumanne, 25 Machi

Lori limeondoka saa mbili. Wanaimba. Nyangate alikaa mbele kabisa karibu na dereva. Momanyi nyuma kabisa, amegeuza uso barabarani. Kwenye lori bado unaweza kukaa mbali.

Ningeweza kukimbia nikamwambia dereva. Lori lilisimama kidogo kwenye kona ya posta. Nilisimama.

Jumamosi, 29 Machi

Sabato. Nimesema naumwa, sikwenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hakuna habari. Mimi nimeandika tisa. Nimewapanga vizuri sana. Nimewapanga mara tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Habari! Simu imefika ofisini kutoka Kericho. Watu kumi na mmoja wa Ishmael wametoroka. Kumi na mmoja! Hawakumaliza hata tiketi ya kwanza, zile siku thelathini za kazi. Karani amenong'ona kwamba Bwana alirusha wino ukutani, doa liko pale pale.

Si wale wawili tu, basi. Vyumba vingine pia viliharibika, na mimi wala sikuvitazama baada ya chumba cha tatu. Nilitosheka na kimoja.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, na miguu ilikuwa myepesi. Nimenunua nyama. Drusilla akauliza kuna nini? Nikasema hakuna. Nikala, nikaomba tena. Uso mzuri umejaza lori, uso mzuri haukuweza kulishikilia. Sasa Bwana aseme tena juu ya mtu wa kupendeza!

Nimefurahi. Siandiki uongo humu. Nimefurahi sana.

Jumapili, 13 Aprili

Momanyi amekuja. Ametembea siku mbili kupitia Sotik, anaogopa barabara kubwa kwa sababu ya kipande, kile cheti cha kazi ambacho polisi hukagua. Miguu imepasuka. Hakwenda kwake, amekuja kwangu kwanza. Drusilla akampa uji, akanywa amesimama.

Amenisimulia akitazama chini. Siku ya kwanza waliitwa majina, wakaelekezwa chumba cha tatu. Akaingia, akamwona mkwewe anafungua mzigo. Akatoka. Alidhani ni makosa. Akamwendea nyapara, mtu wa kabila lingine kabisa. Utamwambia nini? Kusema tu kwamba yule ni baba wa mke wangu na hatuwezi kuvua nguo chumba kimoja, ni kama kumvua mzee mbele ya watu. Nyapara akasema, chumba ni chumba. Basi Momanyi akalala nje, chini ya paa. Asubuhi akakuta Nyangate naye amelala nje, upande wa pili wa nyumba. Mzee hakutaka kulala ndani huku mkwewe ananyeshewa kwa ajili yake. Momanyi akahamia jikoni, wakamfukuza. Kila mmoja anamwachia mwenzake chumba, na chumba kina nafasi mbili tupu! Mvua ya Kericho haichagui. Siku ya nane mzee akaanza kukohoa, wiki ya tatu kikohozi kikazidi. Momanyi akaona, nikiondoka ataingia ndani. Ndiyo maana akatoroka. Hajui kama aliingia.

Kisha akaniuliza, "Tata, ungetuandika wewe, ungetuweka pamoja?"

Nikasema hapana.

Huo ulikuwa ukweli. Ajabu, ukweli unaweza kuuma kuliko uongo.

Nyama ya Alhamisi imebaki kwenye chungu. Nimemwambia Drusilla ampe Momanyi aende nayo.

Jumatano, 16 Aprili

Bwana Pilipili ametuita. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nyangate yuko zahanati ya shamba, mapafu. Watoro sasa ni kumi na wanane. Akampigia Ishmael kelele. Nani alitengeneza orodha hii? Ishmael akasema, mimi. Nani alikagua?

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nikalitazama doa la wino ukutani.

Ishmael akasema, "Hakuna, Bwana. Mimi peke yangu."

Hakunitazama hata kidogo. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyofundishwa. Bwana akasema basi, mwisho wa mwezi kazi yake imekwisha. Nyasani ni mkuu. Nyasani achukue baiskeli yake.

Nje nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, tata, nilifikiri juu ya jicho lako. Lile la kushoto. Mwandiko wangu ni mdogo, na nyumbani kwako mchana ule kulikuwa na kiza cha mvua. Nilikosa mimi kukuletea karatasi ukasome hivyo. Kwa nini Bwana akulaumu kwa jicho?

Amenihurumia jicho!

Miaka arobaini na tatu nimelichukia jicho hili, na leo limenisemea uongo bila mimi kufungua mdomo. Na yeye! Sura anayo, sauti anayo, kimo anacho, sasa hata roho nzuri ni yake? Angeniachia basi kitu kimoja! Kama angenisema kwa Bwana ningemchukia kwa raha. Ningejua mahali pa kusimama.

Baiskeli nimeikokota mpaka nyumbani. Sikuipanda. Kiti amekishona upya, kwa uzi mzuri kuliko wangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Bosibori, mke wa Nyangate, amekuja kutoka Sironga. Mama mzima, anatembea haraka. Hakutaka kiti. Amesema mzee analetwa nyumbani Jumapili, zahanati imeshindwa. Watu wa ukoo wamekasirika. Wanasema yule kijana mwenye koti aliwauza wazee wao kwa meno yake. Jumatatu wanakutana, na akifika pale watamvunja miguu.

Nikasema, mama, pengine hakujua. Akasema, "Ndiyo hiyo. Hakujua, na alikuwa na mdomo wa kuuliza." Kisha akanishika mkono. Akasema, mimi sikumwamini tangu mwanzo, mtu mzuri hivyo anajifunza kudanganya mapema kwa sababu watu wanamsaidia. Lakini wewe, Baba Nyamoita, uso wako hauna pa kuficha kitu. Ungeiona ile karatasi ungesema. Niliwaambia wote, Nyasani angeona angesema.

Drusilla alikuwa mlangoni. Alikuwa na bakuli mkononi. Siku ile ya karatasi na yeye alikuwapo. Alimwona Ishmael akinipa, akaniona nikisoma. Akaondoka na bakuli lake.

Jioni nzima hajaniita Baba Nyamoita. Ananiita wewe.

Jumapili, 20 Aprili

Gari la kampuni limepita saa kumi kwenda Sironga. Polepole sana. Nilisimama nyuma ya migomba mpaka likapita.

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika upesi. Saa tatu asubuhi.

Nyangate yu hai. Hasemi, anahema tu. Mtu amepita barabarani asubuhi na kutuambia, anasema amefunikwa na koti la askari. Ishmael alikwenda Kericho mwenyewe, akasafiri naye nyuma ya gari njia nzima, akamvika.

Na sasa Ishmael yuko hapa. Amesimama uani bila koti. Amekonda, shati limelowa umande, macho mekundu. Nilifikiri bila koti atakuwa mtu wa kawaida. Si wa kawaida! Bado ni mzuri. Loo, nimesimama dirishani nikaona hivyo, na kidonda kilekile kikauma, leo, siku kama ya leo! Mimi ni mtu gani?

Anataka nimsindikize Sironga kwenye mkutano. Amesema kwa sauti ya chini, tata, wakiona uso wangu watafunga mlango. Wakiona wako watasikiliza. Niseme nini? nikamuuliza. Akasema, sema tu kwamba sikukusudia, wewe wanakuamini.

Miaka yote nimetaka siku ambayo uso huu utahitajika kuliko ule. Imefika. Imekuja mlangoni, imevua kofia.

Drusilla ameleta maji kwenye karai. Akaweka chini mbele yangu. Nawa uso, amesema, leo una kazi. Kisha akanitazama, muda mrefu, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia. Akauliza ni nini hiki ninachoandika kila siku tangu mwezi wa tatu. Nikasema majina. Akashika ukurasa, akaweka kidole chini ya mstari, akakisogeza polepole mpaka mwisho kama anasoma. Hakuweza. Akasema, jina la Nyangate naliona hapa. Liko mara nyingi.

Nimenawa. Maji ni baridi.

Jicho langu linaona vizuri. Utando ni wa nje tu. Liliona kumi na nne, likaona kumi na saba. Chumba cha tatu. Niliona, nikasema iko sawa.

Nikisema kule Sironga, nyumba ya bati imekwenda, kazi imekwenda, na pengine miguu. Nisiposema, nitasimama mbele ya Bosibori na uso huu, nao watauamini. Kinywa changu nakijua. Kitafika pale, kitamwona Ishmael anasimama karibu yangu, mrefu, watu wote wanamtazama yeye hata wakimchukia — na kitakauka.

Drusilla anaita mara ya pili. Anasema mgeni anatetemeka kwa baridi, si vizuri, aingie akae mezani wakati mimi natafuta koti langu. Nimesema sawa, aje akae hapa, kwenye kiti changu. Koti liko chumba cha nyuma, chini ya magunia. Kulipata kutachukua muda.

Yule kijana anasoma Kiswahili kuliko mimi.

Nasikia buti zake mlangoni. Amepiga kichwa tena. Wino haujakauka, daftari nikilifunga sasa litachafuka, kwa hiyo naliacha wazi